Kubadili vipimo vya ujazo: lita, galoni, debe na pipa

Kubadili kipimo cha ujazo ni kuutaja ujazo uleule kwa kipimo kingine. Kimiminika chenyewe hakiongezeki wala hakipungui. Katika mfumo wa metriki kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa lita 1 ina mililita 1,000 na mita 1 ya ujazo ina lita 1,000. Uniti moja kwenye ankara ya maji, ambayo ni mita 1 ya ujazo, ni sawa na ndoo 50 za lita 20.

Ugumu huanza kwenye galoni. Galoni ya Uingereza ina lita 4.546, ilhali ya Marekani ina lita 3.785, kwa hiyo mfanyabiashara wa asali wa Tabora anayeletewa oda ya galoni 100 kutoka ng'ambo hana budi kuuliza kwanza ni galoni za nchi gani, maana kwa hesabu ya Uingereza atatakiwa kutoa lita 454.6, na kwa ile ya Marekani lita 378.5. Tofauti hiyo ya lita 76 inakaribia madumu manne ya lita 20, na hakuna mfugaji nyuki ambaye angeiita ndogo. Dumu la lita 5, ambalo baadhi yetu huliita galoni, halilingani na yoyote kati ya hizo mbili. Debe la bati la mafuta ya taa lilipimwa kwa galoni 4 za Uingereza, yaani lita 18.2 hivi, na pipa la lita 200 ni galoni 44 za kipimo hichohicho.

Kutoka lita kwenda kilo ni suala jingine kabisa, kwa sababu lita hupima nafasi na kilo hupima uzito, na kila kimiminika kina uzito wake. Lita 1 ya maji ina kilo 1, ya mawese ya Kigoma takriban kilo 0.9, na ya asali takriban kilo 1.4. Dumu la lita 20 likijazwa mawese litakuwa na kilo 18, likijazwa asali kilo 28. Anayenunua asali kwa lita na kuiuza kwa kilo bila kulijua hili atapanga bei kwa kilo 20 tu. Hata hiyo 1.4 ni makadirio, kwani asali yenye maji mengi ni nyepesi zaidi, hivyo anayetaka uhakika hupima kwa mzani.