MG imelala miaka 19, koili ikasingiziwa bure

Gari iliyolala usiipige stata siku ya kwanza. Najua raha yake, betri mpya imeshafungwa, watoto wa jirani wamejaa, mwenyewe kashika simu anataka kurikodi, na wewe fundi unataka sifa. Acha kwanza.

Hii ninayokuelezeni ni MGB ya 1966, gari ndogo ya Kiingereza, injini 1798 cc, kabureta mbili za SU (kampuni ya huko huko Uingereza), milango miwili na kofia ya turubai. Imelala Mbweni, hapa Unguja, chini ya banda la makuti, bahari unaiona ukisimama kwenye boneti. Juu waliifunika turubai zito la plastiki, wakadhani wanaihifadhi, kumbe ndo wamezidi kuiua, maana unyevu ukiingia humo chini hautoki, na unyevu wa pwani una chumvi. Panya nao walikuwa wameshajenga mji wao ndani ya siti ya abiria.

Kazi ya mwanzo nilichomoa plagi zote 4, kila silinda nikatia vijiko viwili vya oili ya gia boksi ya otomatiki niliyochanganya na dizeli, nikaondoka. Siku 4 sijaigusa. Siku ya tano nikatia spana kwenye puli ya mbele nikasukuma taratibu, ikagoma, nikarudisha nyuma kidogo, nikasukuma tena, ikaachia na mlio kama mlango wa zamani. Ringi za pistoni zikiwa zimeshika kutu ukazilazimisha kwa stata zinavunjika, na hapo kazi ya wiki imeshakuwa ya miezi.

Na spana zenyewe! Sie huku tumezoea gari za Kijapani, kila kitu milimita. MG ni inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia vizuri tu, inakudanganya, ukikaza inacheza ikala kona zote, halafu unabaki na koleo na matusi. Tafuta seti ya inchi kabla hujagusa nati hata moja.

Jengine lililotaka kutuunguza ni betri. MG ya miaka hiyo ina betri mbili za volti 6 nyuma ya siti, na chanya ndiyo inayokwenda bodi, sio hasi. Kijana wangu alikuwa keshashika waya za kubusti kutoka kwenye Toyota Noah anataka kuunga kama alivyozoea, nikampigia kelele mpaka majirani wakatoka. Kwa hiyo kabla hujaunga waya wowote angalia bodi imefungwa upande gani.

Breki nisikuchosheni, zote zilifunguliwa, raba za silinda zimekufa na maji ya breki rangi ya kahawa. Maji ya breki yanavuta unyevu hata gari ikiwa imesimama. DOT 4, aina ya maji ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka ipite digrii 230, ikishanywa maji kiwango kinashuka mpaka 155 hivi. Klachi nayo ilikuwa imeganda kwenye flaiwili, gia haziingii. Nikakanyaga pedali nikaikamatisha kwa ufito mpaka kwenye siti, ikalala hivyo usiku mzima, asubuhi nikasikia tak! imeachia.

Petroli iliyokuwemo ilikuwa rangi ya chai ya rangi na inanuka vanishi. Tukaimwaga, tukasafisha kabureta, pointi za distribyuta, zile zinazokata na kuunga umeme wa plagi, nikazipiga msasa laini nikaziseti nafasi ya milimita 0.38, tukatia petroli mpya, gari ikawaka. Mzee mwenyewe machozi yakamlenga, gari ya marehemu baba yake. Mie nikajiona bingwa.

Dakika 10. Ikazima.

Tukasubiri nusu saa, ikawaka kama haijatokea kitu, dakika 10 ikazima tena. Siku tatu tuko hivyo hivyo. Fundi umeme mmoja akapita, akasema koili hiyo, ile inayokuza umeme wa plagi, inapata moto, ikipoa inafanya kazi. Mzee akanambia, "Fundi, si tununue koili tu?" Nami badala ya kupima nikamjibu "haya mzee, agiza". Hilo kosa langu nalikubali, maana maneno ya yule fundi yaliingia akilini vizuri, na kitu kikiingia akilini vizuri uvivu wa kupima unakuja wenyewe. Koili ikaagizwa Uingereza, wiki tatu, ikafungwa. Dakika 10, ikazima, tena safari hii tuko barabarani Mazizini, jua la saa saba.

Pale ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Gari ikizimika usiiache ipoe, ikamate hapo hapo ingali na ugonjwa wake. Nikachomoa waya wa katikati wa koili nikausogeza karibu na bloki, kijana akapiga stata, cheche ya buluu, imenona. Basi umeme upo. Nikachomoa plagi, kavu kabisa. Basi mafuta hayafiki.

Sasa pampu ya SU ni ya umeme, ipo chini karibu na tairi la nyuma la kulia, na inasema yenyewe kama una masikio. Sumaku inavuta diafram, mafuta yanaingia, mwisho wa mvuto pointi za pampu yenyewe zinaachia, springi inarudisha diafram na kuyasukuma mafuta mbele, tik. Ukiwasha swichi ikapiga tik tik tik halafu ikapunguza ikanyamaza, bakuli za kabureta zimejaa, salama. Ikipiga mbio haiishi, inanyonya upepo au tangi tupu. Ikiwa kimya na bakuli tupu, ishike kwa mkono. Ikiwa baridi, ama umeme haufiki, ama pointi chafu, ama mbele kumeziba. Ikiwa ya moto, umeme unapita, inavuta na haiwezi kumaliza mvuto wake, maana yake nyuma kumeziba, upande wa tangi.

Nikaingia chini ya gari pale pale kwenye vumbi, nikaishika. Kimya, na ya moto kama birika.

Nikafungua paipu inayotoka tangini, nikaazima pampu ya baiskeli kwa kijana mmoja wa dukani, nikapuliza kurudi nyuma. Glup glup glup ndani ya tangi. Nikafunga, ikawaka, ikatufikisha Mbweni. Ilikuwa kutu, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, vinavutwa mpaka kwenye chujio la ndani ya tangi vinaziba, gari inazima, ukisubiri nusu saa vinaanguka chini, njia inafunguka. Ile nusu saa sote tulidhani koili inapoa.

Tangi likashushwa, la galoni 12 za Kiingereza, kama lita 54. Tukatia mnyororo wa baiskeli ndani, watu wawili tukalitikisa kama tunatwanga, kisha siki siku mbili, tukasuuza na maji ya magadi, tukaanika juani saa hiyo hiyo maana ukilichelewesha kutu inarudi mbele ya macho yako. Na mtu asikwambieni kuchomelea tangi lililowahi kuwa na petroli, mvuke uliobaki unaripuka.

Juzi mzee kaenda nayo Fuoni na kurudi, haijazima. Koili ya zamani nimeirudisha kwenye gari, ile mpya ipo kwenye droo yangu, bei yake nimempunguzia mzee kwenye ufundi ingawa alikataa.