Akademia ya taifa ya sayansi: inavyosaidia utafiti na kuishauri serikali

Akademia ya taifa ya sayansi ni chombo cha wanasayansi waliochaguliwa na wanasayansi wenzao kwa kazi waliyokwisha kuifanya, ambacho kwa sheria au hati maalumu kimepewa jukumu la kuendeleza sayansi nchini na kuishauri serikali. Si wizara, si chuo kikuu, wala si baraza la utafiti linalogawa fedha za umma. Haina mamlaka ya kumwamuru mtu. Waziri anaweza kusoma ripoti yake asubuhi, jioni akaamua kinyume, na hatakuwa amevunja sheria yoyote. Nguvu yake ni kuaminiwa pale inaposema kwamba jambo hili linajulikana, hili linakisiwa na lile bado. Majina makubwa ya wanachama husaidia, lakini kinachojenga imani hiyo ni utaratibu wa kuandaa ushauri. Utaratibu huo watu wengi hawajawahi kuelezwa, kwa hiyo utachukua nafasi kubwa hapa.

Akademia kongwe zilizodumu hadi leo ni za karne ya 17: Leopoldina ya Ujerumani (1652), Royal Society ya London (1660) na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa (1666). Ile ya Ufaransa ilikuwa chombo cha mfalme tangu mwanzo na wanachama wake walilipwa, ilhali ile ya London ilijiendesha kwa ada za wanachama. Tofauti hiyo haijaisha. Ziko akademia ambazo ni jumuiya ya wasomi tu, na ziko zinazomiliki taasisi za utafiti na kuajiri watafiti wake zenyewe. Akademia ya Sayansi ya China, iliyoundwa 1949, ina taasisi zaidi ya 100. Ya Urusi nayo ilikuwa na mtandao mkubwa wa taasisi hadi sheria ya mwaka 2013 ilipoziondoa mikononi mwake. Barani Afrika, Madagascar ilipata akademia 1902, Ghana 1959, Nigeria 1977, Kenya 1983 na Uganda 2000. Nyingi kati ya hizi za Afrika ni jumuiya ya wasomi tu, zenye sekretarieti ndogo na bajeti ndogo.

Sheria iliyoanzisha akademia ya Marekani, aliyoitia saini Abraham Lincoln mwezi Machi 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, inaeleza makubaliano kati ya serikali na akademia kwa uwazi kuliko nyingine ninazozijua. Idara yoyote ya serikali ikiiomba, akademia itachunguza, itafanya majaribio na kutoa ripoti juu ya jambo lolote la sayansi. Serikali italipa gharama halisi za kazi hiyo, lakini akademia haitapokea malipo kwa huduma yenyewe. Ushauri uwe wa kuombwa, gharama zilipwe, mshauri asipate faida. Hadi leo wataalamu wanaoketi kwenye kamati zake hurudishiwa nauli na malazi, si mshahara.

Wanachama wanavyopatikana

Mtu haombi uanachama. Wanachama waliopo humpendekeza, machapisho na uvumbuzi wake huchambuliwa na jopo la fani yake, kisha kura hupigwa. Idadi ya wanaoingia kila mwaka huwekewa kikomo.

Utaratibu huu hulinda ubora, lakini una kasoro inayojulikana: watu huchagua wanaofanana nao. Mwaka 1911 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimkataa Marie Curie, aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel na ambaye mwaka huohuo alipata ya pili. Mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili pale, mwanahisabati Yvonne Choquet-Bruhat, aliingia 1979. Royal Society ilisubiri hadi 1945. Kasoro hii haiishii kwenye heshima ya uanachama. Huingia hadi ndani ya ushauri wenyewe. Aprili 2020 Leopoldina ilitoa mapendekezo kuhusu kulegeza masharti ya korona, yakiwemo ya kufungua shule hatua kwa hatua, na kundi lililoyaandaa lilikuwa na watu 26, wanawake 2 tu. Wakosoaji waliuliza mara moja kama kundi lenye sura hiyo lilikuwa limepima vya kutosha mzigo wa kulea watoto nyumbani. Ndiyo maana akademia zinazojali kazi yao hazifungi kamati za ushauri kwa wanachama pekee. Uanachama ni tuzo ya kazi iliyopita, na kamati inataka watu wanaolijua swali lililopo mezani leo.

Kuutegemeza utafiti

Hapa msaada wa akademia ni mdogo kwa fedha ukilinganishwa na ule wa mabaraza ya utafiti, lakini unaziba mapengo ambayo mabaraza huyaacha. Baraza kwa kawaida hufadhili mradi wa miaka miwili au mitatu. Mradi ukiisha, mtafiti kijana anaanza tena kutafuta riziki. Royal Society tangu 1983 ina mpango unaofadhili mtu badala ya mradi, na sasa mtafiti aliye mwanzoni mwa kazi anaweza kulipwa hadi miaka 8 akifuata swali lake mwenyewe. Muda mrefu wa namna hiyo humruhusu kujaribu jambo linaloweza kushindikana. Ukimpa mtu miaka miwili, atachagua utafiti ambao jibu lake tayari analikisia.

Kazi nyingine ni kuchapisha majarida, kutoa tuzo, kuwakilisha nchi kwenye vyama vya kimataifa vya sayansi, na kuwatetea watafiti wanaoandamwa kwa sababu ya matokeo yao. Akademia ya Afrika Kusini, kwa mfano, imekuwa ikitathmini majarida ya kitaaluma ya nchi hiyo na kuendesha jukwaa la kuyasoma bila malipo. Ni kazi isiyotajwa kwenye hotuba, lakini bila mtu wa kuchuja majarida, vyuo huishia kuwapandisha vyeo watu waliolipia makala zao kwenye majarida ya kitapeli.

Ushauri unavyoandaliwa

Kila kitu huanzia kwenye hadidu za rejea, yaani maandishi yanayotaja swali na mipaka ya kazi, na hapo ndipo ripoti nyingi huharibika kabla hazijaanza. Swali baya huja kwa sura mbili. La kwanza lina jibu ndani yake: "thibitisheni kwamba dawa hii ya wadudu ni salama." La pili linaitaka sayansi iamue jambo lisilo la sayansi peke yake: "je, tujenge bwawa?" Kujenga au kutojenga ni suala la fedha, haki za wanaohamishwa na vipaumbele vya nchi. Akademia makini hukaa na idara husika, wakati mwingine kwa miezi, mpaka swali liwe la aina hii: mto ukizuiwa kwa kiwango hiki, mtiririko wa maji, samaki na tope vitabadilika vipi, na kila kadirio lina uhakika kiasi gani? Swali hilo linajibika, na waziri bado anabaki na uamuzi wake.

Kisha mkataba. Unataja anayelipa, kiasi, muda, na sharti lisilojadiliwa: mlipaji haoni rasimu na hana haki ya kubadilisha neno. Akipewa nakala mapema, ni siku chache kabla ya kutangazwa, ajiandae kujibu maswali.

Halafu kamati, mara nyingi watu kumi hadi kumi na tano hivi. Fani zinachanganywa kwa makusudi: kamati ya malaria yenye madaktari watupu itamsahau mbu, na yenye wataalamu wa mbu watupu itasahau kwamba chandarua kisipotumika ni kitambaa tu. Kila anayependekezwa hujaza fomu ya maslahi. Hapa pana tofauti ambayo watu huichanganya. Mwenye hisa katika kampuni inayotengeneza dawa inayochunguzwa ana mgongano wa maslahi, naye hutolewa. Aliyewahi kuandika makala akiipinga dawa hiyo ana msimamo, na msimamo haumtoi mtu. Suluhisho ni kumweka pamoja na mwenye msimamo kinyume. Kamati isiyo na mtu mwenye msimamo wowote huwa ni kamati ya watu wasiolijua jambo. Nchini Marekani majina ya wanakamati hutangazwa, na umma hupewa siku 20 za kutoa maoni kabla uteuzi haujawa wa mwisho.

Vikao vya kukusanya ushahidi huwa wazi, ili kampuni, wanaharakati, maofisa wa serikali na watafiti wapinzani waseme yao hadharani. Vikao vya majadiliano hufungwa, ili mwanakamati aweze kubadili mawazo bila kuaibika. Katika kuandika, matokeo, hitimisho na mapendekezo hutenganishwa, na msomaji aweze kulishika pendekezo lolote na kulirudisha nyuma hadi kwenye ushahidi lilikotoka. Pendekezo lisilo na mnyororo huo hukatwa, hata kama kila mtu chumbani analipenda. Anayebaki na maoni tofauti huruhusiwa kuyaandika ndani ya ripoti.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Rasimu hupelekwa kwa wahakiki wa nje ambao kamati haiwajui hadi siku ya kuchapishwa. Kila hoja yao lazima ijibiwe kwa maandishi, ama kwa kurekebisha ama kwa kueleza kwa nini haikurekebishwa, na mtu mwingine asiyekuwa kwenye kamati huyapitia majibu hayo na kuamua kama yanatosha. Asiporidhika, ripoti haitoki. Kazi nzima huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wakati wa dharura zipo njia za mkato zinazotoa barua fupi ndani ya siku au wiki chache, na kinachopunguzwa kwanza huwa ni uhakiki. Kwa hiyo barua ya dharura inapaswa kusema waziwazi kwamba ni ya dharura.

Mifano miwili

Mwaka 1979 ofisi ya sayansi ya Ikulu ya Marekani iliiuliza akademia kama makadirio ya kupanda kwa joto la dunia kutokana na hewa ukaa yanaaminika. Wanasayansi 9, mwenyekiti wao Jule Charney, walikutana Woods Hole, Massachusetts, kwa siku tano mwezi Julai. Mbele yao kulikuwa na matokeo ya makundi mawili yaliyotumia kompyuta: la Syukuro Manabe, lililopata ongezeko la takriban nyuzi 2 za Selsiasi hewa ukaa ikiongezeka maradufu, na la James Hansen, lililopata takriban 4. Walipitia kilichosababisha tofauti hiyo, hasa mawingu, theluji na barafu, wakatafuta kama kuna jambo la kimaumbile lililosahaulika ambalo lingelifuta joto hilo. Hawakulipata. Wakaandika kwamba kadirio lao ni nyuzi 3, likiweza kukosea kwa nyuzi 1.5 juu au chini, na kwamba bahari inaweza kuchelewesha joto hilo kuonekana kwa miongo. Hawakusema serikali ichome makaa kiasi gani. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la tabianchi lilitoa kadirio lake: nyuzi 3, na uwezekano mkubwa kuwa kati ya 2.5 na 4. Ripoti fupi ya mwaka 1979 imesimama kwa sababu ilisema kiasi cha shaka yake.

Mfano wa pili ni ushauri usioombwa. Afrika Kusini, miaka ambayo waziri wa afya alikuwa akisifu kitunguu saumu na bitiruti kwa wenye virusi vya UKIMWI, akademia ya nchi iliunda jopo lake kuhusu lishe, UKIMWI na kifua kikuu. Ripoti ya 2007 ilikubali kwamba lishe bora ni muhimu kwa kila mgonjwa, kisha ikasema hakuna ushahidi kwamba chakula chochote kinaweza kushika nafasi ya dawa za ARV. Akademia hiyo ilikuwa imetambuliwa kwa sheria ya 2001 na ilikuwa ikipokea ruzuku ya serikali hiyohiyo. Haki ya kuanzisha uchunguzi bila kuombwa ndiyo iliyoifanya iweze kusema.

Mambo huharibikia wapi

Ripoti huchelewa hadi bunge limeshapiga kura. Au hutoka kwa wakati ikiwa na kurasa 300 na hakuna aliyeandaa muhtasari wa kurasa mbili na kwenda kuueleza kwenye kamati ya bunge. Au serikalini hakuna aliyepangiwa kuipokea, hivyo hakuna wa kuulizwa mwaka mmoja baadaye ni mapendekezo yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa nini. Bajeti nayo: akademia inayotegemea fungu moja la wizara hujifunza kunyamaza bila kuamriwa. Mfuko wa wakfu, ada na wafadhili kadhaa haviondoi tatizo hilo, ila hulipunguza.

Ubaya zaidi ni pale chombo chenyewe kinapotekwa. Agosti 1948 mkutano wa akademia ya kilimo ya Umoja wa Kisovieti, chini ya rais wake Trofim Lysenko na kwa baraka za Stalin, uliitangaza jenetiki, yaani sayansi ya jinsi viumbe wanavyorithi sifa, kuwa sayansi potofu. Watafiti walifukuzwa kazi, maabara zikafungwa, na fani hiyo haikurudishiwa hadhi yake hadi katikati ya miaka ya 1960. Jina la akademia lilikuwepo na wanachama walikuwepo; haikuwepo nafasi ya mtu kupinga na kujibiwa kwa ushahidi.

Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya akademia yoyote, fungua kurasa za mwanzo na za mwisho kabla ya mapendekezo. Tafuta nani alilipa, swali lilikuwa lipi kwa maneno kamili, wanakamati ni kina nani na walitangaza maslahi gani, na nani waliihakiki. Kisha angalia kama kuna mahali ripoti inasema haina uhakika. Kurasa hizo zikikosekana, unachokisoma ni maoni ya watu wenye vyeo.