Mkataba wa Ijumaa Kuu: yanayosemwa kuhusu Ireland Kaskazini na yaliyoandikwa

Kila panapozuka ugomvi wa kugawana madaraka, iwe Unguja au Bujumbura, hakosekani mtu wa kusema "tazameni Belfast". Sawa, tuutazame mji mkuu huo wa Ireland Kaskazini. Mkataba wa Ijumaa Kuu, wa tarehe 10 Aprili 1998, uliomaliza vita vya miaka thelathini na kuunda serikali ya pamoja, una vifungu ambavyo wengi wanaoutaja hawajawahi kuvisoma, na humo ndimo mnamoonekana kwa nini bunduki zimenyamaza na serikali bado inavunjika kila baada ya miaka michache.

"Ni vita vya dini: Wakatoliki na Waprotestanti"

Hakuna aliyemwaga damu kwa ajili ya ekaristi au mamlaka ya Papa. Swali lilikuwa la mpaka: kaunti sita zilizotengwa na sehemu nyingine ya kisiwa cha Ireland mwaka 1921 zibaki Uingereza au ziungane na Jamhuri ya Ireland? Wanamuungano, wanaotaka kubaki, wengi wao ni wazao wa walowezi Waprotestanti walioletwa kutoka Uskoti na England kuanzia miaka ya 1600. Wazalendo, wanaotaka kisiwa kiwe kimoja, wengi wao ni Wakatoliki. Dini ikawa alama ya kumtambua mtu, kama jina lake au shule aliyosoma. Lakini kumbukeni kwamba chama cha kwanza kilichodai jamhuri, kilichoanzishwa Belfast mwaka 1791, kilijaa Wapresbiteri, ambao ni Waprotestanti.

Kilichowasha moto miaka ya 1960 kilikuwa kidogo na cha karibu zaidi: nyumba za halmashauri, ajira na kura. Katika chaguzi za serikali za mitaa kura ilikuwa ya mlipa kodi ya nyumba na mwenzi wake. Kijana wa miaka 25 anayeishi kwa wazazi wake hakuwa na kura, huku wenye biashara wakiweza kuwa na zaidi ya moja. Katika mji wa Derry, ambako Wakatoliki walikuwa wengi, kata zilichorwa kwa namna ambayo wanamuungano walipata madiwani 12 na wazalendo 8.

"Ilikuwa vita ya jeshi la Uingereza na IRA"

Pande zilikuwa tatu: vyombo vya dola, wanamgambo wa jamhuri kama IRA waliotaka kisiwa kiwe kimoja, na wanamgambo wa upande wa muungano. Wanajeshi walipoingia Agosti 1969, Wakatoliki wengi waliwapokea kwa chai, wakidhani wamekuja kuwalinda. Kufikia 1972 hakuna aliyekumbuka chai hiyo, maana watu walikuwa wamewekwa kizuizini bila kushtakiwa na waandamanaji 13 walikuwa wameuawa kwa risasi Derry siku moja ya Januari. Katika vifo zaidi ya 3,500 vya miaka ile thelathini, wanamgambo wa jamhuri walihusika na takribani asilimia 60, wanamgambo wa upande wa muungano asilimia 30, na vyombo vya dola asilimia 10. Anayesimulia habari hii kwa pande mbili tu ameshachagua ya kuacha.

"Maadui walikaa meza moja, wakazungumza, wakapatana"

Laiti ingekuwa hivyo. Chama kikubwa cha wanamuungano wakati huo, UUP cha David Trimble, hakikuzungumza moja kwa moja na Sinn Féin, chama cha wazalendo kilichofungamana na IRA, katika mazungumzo yote. Maneno yalipita kwa mwenyekiti, seneta wa zamani wa Marekani George Mitchell, na kwa maofisa wa serikali za London na Dublin. DUP cha Ian Paisley, chama kingine cha wanamuungano, kilitoka nje Sinn Féin ilipoingia Septemba 1997, na hakikusaini kitu.

Mambo mawili yaliyosaidia husahauliwa. La kwanza ni uchaguzi wa wajumbe wa mazungumzo, uliofanyika mwaka 1996. Viti 90 viligombewa majimboni, kisha vyama kumi vilivyoongoza kwa jumla ya kura vikaongezewa viti viwili kila kimoja. Kwa mlango huo viliingia vyama vidogo vya karibu na wanamgambo wa upande wa muungano, na chama cha wanawake kilichokuwa na umri wa wiki chache tu. Bila nyongeza hiyo, baadhi ya wenye bunduki wangebaki nje wakisubiri kuharibu. La pili ni kanuni ya "maafikiano ya kutosha": uamuzi ulipita ukiungwa mkono na vyama vinavyowakilisha wengi wa kila upande. Ndiyo maana kuondoka kwa DUP hakukuvunja kikao.

"Viti vimegawanywa kwa dini"

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki huichanganya Belfast na Arusha, ulikosainiwa mkataba wa amani wa Burundi. Katiba ya Burundi ya 2005 iliweka hesabu ya kikabila waziwazi: Bunge asilimia 60 Wahutu, 40 Watutsi. Belfast haina kitu cha namna hiyo. Mbunge aliyechaguliwa hujiandikisha mwenyewe kuwa mwanamuungano, mzalendo au "mwingine", na hakuna anayemuuliza anasali wapi.

Wizara hugawanywa kwa hesabu ya d'Hondt: idadi ya viti vya chama hugawanywa kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, na kila namba kubwa inayofuata huchagua wizara. Baada ya uchaguzi wa 2022 Sinn Féin ilikuwa na viti 27, kwa hiyo 27, 13.5 na 9: wizara tatu. DUP kwa viti 25 ilipata mbili, UUP kwa 9 moja, na Alliance, chama cha wasiojiandikisha upande wowote, moja. SDLP, chama kingine cha wazalendo, kwa viti 8 haikufika, ikaenda upinzani. Wizara ya Sheria haimo katika hesabu hiyo. Waziri wake hupigiwa kura na pande zote, kwa sababu hakuna upande ulioamini kumwachia mwenzake polisi na mahakama.

"Waziri wa Kwanza ndiye mkubwa"

Michelle O'Neill wa Sinn Féin aliposhika cheo hicho Februari 2024, vichwa vya habari vilisema mzalendo sasa anatawala. Ni tukio kubwa la kihistoria, lakini mamlaka yake na ya Naibu Waziri wa Kwanza, Emma Little-Pengelly wa DUP, ni sawa kabisa. Mmoja akijiuzulu, mwingine anapoteza kiti papo hapo.

Kufuli hilo ndilo chanzo cha maradhi. Chama kimoja kikisusa, hakuna serikali. Ilisimama 2002 hadi 2007, ikasimama tena 2017 hadi 2020 Sinn Féin ilipojiuzulu, na 2022 hadi 2024 DUP ilipogomea ukaguzi wa bidhaa zinazovuka bahari kutoka sehemu nyingine za Uingereza baada ya Brexit. Makatibu wakuu wa wizara huendesha shughuli za kila siku, lakini mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya tanuri la kuchoma taka, kwamba hawana mamlaka ya kuamua jambo kubwa kama hilo. Orodha za wagonjwa wanaosubiri upasuaji hazisubiri wanasiasa.

Kufuli la pili ni saini 30 za wabunge zinazolazimisha hoja ipate ridhaa ya pande zote mbili. Lilikusudiwa kulinda walio wachache. Novemba 2015 hoja ya ndoa za jinsia moja ilishinda kwa wingi mdogo wa kura, ikazimwa kwa saini hizo. Siku hizi saini lazima zitoke katika zaidi ya chama kimoja.

"Wafungwa walisamehewa, na IRA ilisalimisha silaha kwa Waingereza"

Wafungwa waliachiwa mapema, ndani ya miaka miwili, kwa leseni inayoweza kufutwa. Hukumu zao zilibaki, na wa makundi yasiyositisha mapigano hawakuhusika. Kuhusu silaha, mkataba uliwataka wahusika watumie "ushawishi walio nao" zitoweke kufikia Mei 2000. Lugha hiyo laini ndiyo iliyowezesha kusaini, na ndiyo iliyoleta mgogoro wa miaka mitano. Ziliharibiwa mbele ya tume huru ya Jenerali John de Chastelain wa Kanada. Kazi ilipotangazwa kukamilika Septemba 2005, kasisi Mkatoliki na mchungaji Mmethodisti walithibitisha kwamba waliona kwa macho yao.

"Wakatoliki sasa ni wengi, muungano wa Ireland uko mlangoni"

Sensa ya 2021 ilikuta asilimia 45.7 wakiwa Wakatoliki au waliolelewa hivyo, dhidi ya 43.5 Waprotestanti na Wakristo wengine. Hakuna aliyevuka nusu. Tena waliojiita Wairishi pekee walikuwa asilimia 29.1 tu, na karibu mmoja kati ya watano alijiita mtu wa Ireland Kaskazini pekee. Kura ya maoni huitishwa na waziri wa London anayehusika na eneo hilo, akiona kuna uwezekano mkubwa wa upande wa kuungana kushinda. Ushindi ni nusu jumlisha kura moja, Jamhuri nayo lazima iridhie, na ikishindikana hairudiwi kabla ya miaka saba.