Je, wajua kwa nini uvimbe mmoja wa umio unaweza kubeba saratani za aina mbili?

Dalili za saratani ya umio huanza na posho, yaani ugali. Tonge halishuki vizuri, baadaye matoke nayo hukwama, kisha uji, na wagonjwa wengi Uganda hufika hospitali wakati hata maji yanapita kwa shida. Daktari huingiza kamera kupitia mdomoni hadi kwenye umio, ule mrija wa sentimita 25 hivi unaoteremsha chakula tumboni, akiukuta uvimbe hunyofoa vipande vidogo vya nyama vya kupimwa. Siku ya majibu familia hutarajia jina moja la ugonjwa. Mara chache sana karatasi huja na mawili: uvimbe ni mmoja, saratani ndani yake ni za aina mbili. Inakuwaje?

Ukuta wa ndani wa umio umetandazwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka, ili ustahimili msuguano wa chakula. Chini yake kuna tezi ndogo zinazotoa ute wa kulainisha njia, na hapa na pale zimo seli chache zenye kutengeneza homoni. Uganda imo katika ukanda unaotoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio ni nyingi mno, na sehemu kubwa mno yake huzaliwa na seli bapa. Ile ya tezi, iliyo nyingi Marekani na Uingereza, kwetu ni chache. Kwa hiyo mtaalamu wa patholojia mjini Kampala akiinamia hadubini, seli bapa ndizo anazotarajia kuziona.

Mchanganyiko huja kwa sura kadhaa. Upo uvimbe wenye seli bapa upande mmoja na tezi za saratani upande mwingine. Upo ambao seli bapa zimeungana na seli za nyuroendokrini, zile za jamii ya homoni, ambazo huwa kali na huenea mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mpangilio wake wa mwaka 2019, linataka kila sehemu ifikie angalau asilimia 30 ya uvimbe kabla ya huu kuitwa mchanganyiko. Na upo wa kushangaza kuliko yote, kasinosakoma: seli bapa pamoja na seli ndefu zilizochongoka kama za misuli au tishu unganishi, na mara nyingine hata gegedu au mfupa ndani yake. Huu hupenda kuota kama kinundu kinachoning'inia ndani ya umio.

Mfupa ndani ya umio umetoka wapi? Maelezo ya kwanza yanayokuja akilini ni kwamba saratani mbili zilizaliwa jirani zikakutana. Hilo hutokea, lakini si mara nyingi. Wanasayansi walipolinganisha vinasaba vya sehemu zote mbili, mara nyingi walikuta kasoro zilezile, hasa katika jeni ya TP53, ile inayozuia seli zilizoharibika kuzaana. Maana yake, mama ni mmoja. Seli iliyoharibika ilizaana, na baadhi ya uzao wake ukapata kasoro nyingine na kuanza kuwasha jeni ambazo seli bapa huwa imezizima. Maagizo ya kutengeneza ute, homoni au mfupa yamo katika karibu kila seli ya mwili. Saratani huyafungua bila mpango.

Hapa ndipo ninapoona jambo zito kwa mgonjwa. Kipande kimoja kidogo kikitolewa, ni sawa na kuchota kijiko kimoja kwenye sufuria ya mahindi na maharagwe: unaweza kutoka na mahindi matupu. Ndiyo maana inafaa kuchukua vipande sita au zaidi, kutoka sehemu tofauti za uvimbe. Kisha rangi za kawaida za maabara zikiacha shaka, hutumika kingamwili maalumu, protini zinazonata kwenye aina fulani ya seli: p40 huonyesha seli bapa, sinaptofizini na kromogranini huonyesha seli za nyuroendokrini. Vipimo hivi vina gharama na havipo katika kila hospitali ya mkoa, na sampuli nyingine husafirishwa hadi Kampala.

Gharama hiyo ina sababu. Saratani ya seli bapa hutibiwa mara nyingi kwa mionzi pamoja na dawa kama kaboplatini na paklitakseli. Seli kali za nyuroendokrini kwa kawaida hupewa sisplatini na etoposidi. Sehemu moja isipotambuliwa, uvimbe unaweza kusinyaa upande mmoja huku upande wa pili ukiendelea kukua, na hata tezi za limfu za shingoni zikivimba, zinaweza kuwa zimebeba aina moja tu kati ya zile mbili.

Mgonjwa ambaye dawa zimemsaidia nusu nusu ana haki ya kumwuliza daktari wake kama nyama ile inaweza kutazamwa upya. Kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta hudumu miaka mingi maabara, na kinaweza kukatwa vipande vyembamba vingine na kupakwa kingamwili bila kumwingizia mgonjwa kamera mara ya pili. Kama nta hiyo haina nyama ya kutosha, hapo kamera hurudiwa.