Hekalu la Oyama: Shujaa Aliyefichwa Nyuma ya Jina la Mungu Mwingine

Ukifika Hekalu la Oyama mjini Kanazawa, Japani, unaweza kudhani umekosea njia. Hekalu ni la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, lakini lango lake lina ghorofa tatu: chini matao ya mawe, juu vioo vya rangi, kileleni kinga ya radi. Lilikamilika mwaka 1875, na likiwashwa taa jioni hupendeza mno. Wageni ninaowaongoza hulipiga picha wakaridhika. Huwaomba tusiondoke kwanza, maana habari hasa ni ya anayeheshimiwa mle ndani.

Maeda Toshiie, samurai aliyesifika kwa mkuki, aliingia ngome ya Kanazawa mwaka 1583, akafariki 1599. Katika Ushinto, mtu mashuhuri huweza kuabudiwa baada ya kufa, na mwanawe Toshinaga alitaka kumpa baba yake heshima hiyo. Ila wakati huo Tokugawa Ieyasu, mbabe wa vita, alikuwa akijitwalia nchi, na ukoo tajiri kama wa Maeda ulitazamwa kwa jicho la shaka. Toshinaga akajenga hekalu la Hachiman, mungu wa vita, upande wa Utatsu, huko huko Kanazawa, na humo humo akaiweka roho ya baba yake bila kuitangaza. Mwaka 1600 mama yake, Matsu, akapelekwa Edo (Tokyo ya leo), makao ya Ieyasu, kama rehani ya utii wa ukoo. Alikaa huko miaka 14.

Siri hiyo ilidumu zaidi ya miaka 270. Tawala za mabwana zilifutwa mwaka 1871, na mwaka 1873 waliokuwa watumishi wa Maeda wakamhamishia Toshiie palipokuwa na jumba la ukoo, kando ya ngome, aabudiwe waziwazi. Ndiyo maana lile lango hunigusa: walilijenga watu waliokuwa wamepoteza vyeo vyao miaka minne tu iliyotangulia.

Ukiingia, usipite katikati ya njia. Nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, sukutua kinywa. Mbele ya ukumbi tumbukiza sarafu, inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena.

Matsu naye anaabudiwa hapo kando ya mumewe, lakini tangu mwaka 1998 tu. Kwa mwanamke aliyeukinga ukoo mzima kwa kukubali kuwa rehani, naona walichelewa sana.