Aureusi: dhahabu ya Roma na picha zake za kijeshi

Aureusi ilikuwa sarafu ya dhahabu ya dola ya Roma. Dinari ya fedha, ile ambayo wasomaji wa Injili wanaikumbuka kwa sanamu na anwani ya Kaisari, zilihitajika 25 kupata aureusi moja. Ni kitu kidogo, hakizidi sana ukucha wa kidole gumba, lakini kizito: enzi za Augustus ilikaribia gramu 8. Askari wa kawaida alilipwa dinari 225 kwa mwaka mzima, yaani aureusi 9 tu.

Upande wa mbele una uso wa Kaisari. Upande wa nyuma ndio wa kuutazama kwa makini, maana huko ndiko jeshi linakojitokeza: ngao, alama za vikosi, mungu wa ushindi mwenye mabawa, adui aliyeshindwa. Yerusalemu ilipoanguka mwaka 70, Kaisari Vespasianus alitoa aureusi yenye mwanamke aliyeketi chini kwa huzuni, kando ya nguzo iliyotundikwa silaha za walioshindwa, na neno moja: IVDAEA. Hata asiyejua kusoma alielewa.

Lakini kwangu mimi, hakuna inayosema wazi kama ile ya Claudius. Januari mwaka 41 Caligula aliuawa, na Claudius, baba yake mdogo, akajificha nyuma ya pazia ikuluni. Askari walinzi wakamkuta, wakamchukua hadi kambini kwao, wakamtangaza Kaisari. Naye akamwahidi kila mmoja wao sesterti (sarafu ndogo ya Roma) 15,000, sawa na aureusi 150. Askari wa kawaida angetumika zaidi ya miaka 16 kupata kiasi hicho.

Kisha akaligonga tukio hilo kwenye dhahabu. Unaona ukuta wa kambi na lango lake, na ndani askari amesimama na mkuki wake, kando yake alama ya kikosi. Maandishi ni IMPER RECEPT, maana yake Kaisari amepokewa. Amepokewa na nani? Na walinzi. Ipo na nyingine inayomwonyesha akipeana mkono na mmoja wao. Seneti, ambayo saa zile ilikuwa ikijadiliana kama Roma bado inahitaji Kaisari, haimo kwenye picha.