Chai ya tangawizi, mchaichai na mwarobaini: inasaidia wapi, inaishia wapi?

Mizizi na majani vinaandaliwa namna moja?

Hapana. Tangawizi, mdalasini na karafuu ni vitu vigumu, vinataka moto. Ponda tangawizi mbichi yenye ukubwa wa kidole gumba, ichemke taratibu dakika 10. Karafuu mbili tatu zinatosha. Mchaichai na mnanaa usivitokose: mimina maji ya moto juu ya majani, funika, subiri dakika 5 hadi 10. Ile harufu inayojaa jikoni ukiacha sufuria wazi ndiyo uliyokuwa unaitafuta kikombeni.

Nikinywa, mafua yataisha haraka?

Mafua huletwa na virusi, na chai haiviui. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ila kinywaji cha moto hulainisha koo, hulegeza kamasi na kurudisha maji mwilini, na kwa mtu aliyekesha akikohoa hilo si jambo dogo. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, hata ya kulambishwa: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ambavyo sumu yake hulegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia.

Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime kifua kikuu. Mtoto anayepumua mbiombio, mbavu zikibonyea ndani, si wa chai tena, mkimbize hospitali.

Bibi alitutibu malaria kwa mwarobaini. Kwa nini sasa tunakatazwa?

Uchungu ule nani ameusahau! Lakini homa nyingi tulizoziita malaria hazikuwa malaria, na zingepoa hata kwa maji matupu. Mwarobaini ukapewa sifa.

Wengine hutaja Artemisia annua, na hapo wana hoja: artemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria, ilitoka kwenye mmea huo. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Tatizo lilikuwa kwenye kuchemsha. Moto uliiharibu dawa, naye akafanikiwa baada ya kuitoa kwa ethari, kimiminika cha maabara kinachochemka upesi, kwenye joto dogo. Chai ya nyumbani haina kipimo: leo kali, kesho nyepesi, vimelea vingine vinabaki na vinaweza kujenga usugu. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kwa malaria. Mwenye homa apimwe ndani ya saa 24, na akikutwa na malaria amalize dozi.

Natumia dawa za presha. Juisi au chai ya choya je?

Choya nayo hushusha presha kidogo. Ukiijumlisha na vidonge, presha inaweza kushuka mno, ukasimama ukaona kizunguzungu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe mwangalifu na tangawizi nyingi na kitunguu saumu, maana damu inaweza kuchelewa kuganda. Mwambie mfamasia unachokunywa. Kuficha ndiko kunakoleta balaa.

Na mjamzito?

Tangawizi kidogo, kama ya kwenye chai ya kawaida, hupunguza kichefuchefu. Mwarobaini aachane nao kabisa.

Iliyobaki naiweka hadi lini?

Kwenye friji, kesho yake. Bila friji, inywe siku hiyohiyo. Majani yaliyochumwa kando ya barabara kuu au shamba lililopigwa dawa usiyatie birikani kabisa.